Kufuga Mnyama Asiye wa Kawaida Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Kununua

Ukurasa huu unahusu wanyama gani?

Wote ambao si mbwa, paka, kuku wala mifugo ya kawaida. Wako katika mafungu matatu, na kila fungu lina jibu lake. La kwanza ni wanyamapori wa hapa hapa Uganda: kasuku wa kijivu, tumbili, komba, kobe, chatu, kinyonga, kalunguyeye, fungo, paa, korongo taji. La pili ni wanyama wa porini wa nchi nyingine wanaoletwa kwa ndege, kama iguana na nyoka wa Amerika. La tatu ni wale ambao wamezalishwa mikononi mwa watu kwa vizazi vingi: bajeriga na kokateli (kasuku wadogo), simbilisi (mnyama mdogo mlamajani wa jamii ya panya), sungura na samaki wa mapambo.

Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo. Fungu la kwanza usifuge. Fungu la pili linawafaa watu wachache mno, wenye nafasi, fedha na daktari anayewajua wanyama hao. Fungu la tatu linawezekana katika nyumba ya kawaida, mradi ujipange kabla mnyama hajafika.

Je, sheria inaniruhusu kufuga mnyama wa porini nyumbani?

Kwa kifupi, hapana. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inawaweka wanyamapori mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, hata yule aliyeingia mwenyewe shambani kwako. Kumshika, kumfuga, kumuuza au kumsafirisha bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ni kosa. Vibali vipo, vinaitwa haki za matumizi ya wanyamapori, lakini vilikusudiwa mashamba ya wanyamapori, biashara inayosimamiwa, elimu na utafiti. Havikuwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka tumbili sebuleni.

Kwa viumbe walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, au faini ya shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Haya si maandishi tu: mwaka 2022 mahakama ya Kampala inayosikiliza kesi za wanyamapori ilimfunga maisha mtu aliyekutwa na pembe za ndovu. Kasuku mmoja si sawa na pembe za ndovu, lakini sheria ni hiyo hiyo.

Wengi hunaswa kwa kudhani kwamba kosa ni la aliyemkamata mnyama porini, si la aliyemnunua. Anayekutwa naye ndiye anayepandishwa kizimbani.

Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ameniandikia barua. Haitoshi?

Haitoshi. Barua ya LC1 inathibitisha makazi yako tu. Hata kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya cha kusafirisha mifugo hakigeuki kuwa kibali cha mnyamapori. Ofisi inayohusika ni UWA, na makao makuu yake yako Kira Road, Kamwokya. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu ukishalipa utakuwa unauliza ukiwa tayari na mnyama haramu mikononi.

Kuna nyumba nyingi zenye kasuku wa kijivu na hakuna aliyekamatwa. Kwa nini mimi nijinyime?

Tuanze na jinsi anavyofika sokoni. Wakamataji hupaka gundi kwenye matawi karibu na kasuku wa chambo, au hupanda miti mikubwa na kutoa makinda kwenye mashimo ya viota. Ndege husongamanishwa kwenye makreti, na wengi hufa njiani kwa kiu, joto na majeraha. Ndiyo maana mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilimhamishia kasuku huyu Kiambatisho cha Kwanza, penye ulinzi mkali kuliko vyote. Uamuzi ulianza kutumika Januari 2017. Kwa hiyo biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imefungwa. Uganda ni mwanachama tangu 1991, na bado ina kasuku wa kijivu katika misitu kama Mabira, Budongo na Kibale. Kila anayenunua mmoja analipia kukamatwa kwa mwingine.

Sasa tuchukulie sheria haipo. Je, ungemmudu? Kasuku wa kijivu aliyetunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Ukimpata ukiwa na miaka 35, lazima uwe na mtu aliyekubali kumrithi, tena aliyekubali kwa hiari. Ni ndege wa makundi mwenye akili nyingi sana. Akiachwa peke yake kutwa nzima, huanza kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu, na tabia hiyo ikishaota mizizi mara nyingi haiondoki. Hupiga kelele alfajiri na jioni, kwa maana ndio wakati makundi yanapoitana. Anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu usiku, jambo gumu katika nyumba ambayo televisheni inazimwa saa sita. Manyoya yake hutoa unga mweupe unaomsumbua mwenye pumu.

Chakula ndicho kinachowaua wengi kimyakimya. Anayelishwa alizeti tupu hukosa vitamini A, njia yake ya hewa ikaanza kuharibika. Aina hii hupungukiwa kalsiamu kwa urahisi kuliko kasuku wengine: siku moja anaanguka kutoka kwenye kijiti akitetemeka, na wenye nyumba wanadhani amerogwa au amepewa sumu. Parachichi, ambalo kwetu limejaa kila ua, ni sumu kwake na kwa ndege wengine wa kufugwa. Karanga zenye ukungu ni hatari nyingine, maana zinabeba sumu inayoharibu ini. Posho (ugali) na chai ya sukari si chakula chake hata kidogo.

Muuzaji anasema ndege wake amezalishwa kifugoni na ana karatasi zote. Nitajuaje?

Angalia mguu kwanza. Kinda aliyezalishwa kifugoni kwa utaratibu huvishwa pete nzima isiyo na kiungo katika wiki zake chache za mwanzo, wakati kidole bado chembamba. Pete hiyo haiwezi kuvishwa ndege mkubwa. Pete yenye mwanya au kiungo haithibitishi chochote, kwa sababu huvishwa wakati wowote.

Kisha soma karatasi. Kibali cha CITES hutaja jina la kisayansi, idadi, nchi inakotoka na namna mnyama alivyopatikana, na cha kupeleka mnyama nje ya nchi hakidumu zaidi ya miezi 6. Namba ya pete lazima ilingane na ya kwenye karatasi. Stakabadhi iliyoandikwa "ndege 10" bila jina la aina ni ya bure. Muuzaji anayekataa usipige picha karatasi ili ukaulize UWA ameshakupa jibu.

Tumbili mdogo ni mpole na anakumbatia watoto. Kuna ubaya gani?

Anakumbatia kwa sababu ametolewa kifuani mwa mama yake. Mtoto wa tumbili hamwachi mama kwa hiari. Mara nyingi mama huuawa kwanza. Upole huo ni wa utotoni. Afikapo utu uzima, kati ya miaka 3 na 5 hivi, tumbili huanza kupigania cheo katika kundi, na kundi lake ni familia yako. Huchagua aliye dhaifu, yaani mtoto au dada wa kazi, na meno ya chonge ya dume hupasua nyama hadi mfupa. Matokeo yake mnayajua: mnyororo kiunoni, mti wa mwembe, na mnyama anayezunguka mahali pamoja hadi nyasi zinaisha.

Kuna na magonjwa, na hapa Uganda ina historia. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda kwenda maabara za Ulaya walipeleka virusi ambavyo havikuwa vinajulikana. Watu 31 waliugua katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade, na 7 wakafa. Ugonjwa ukapewa jina la mji wa Marburg. Maambukizi huenda upande wa pili pia: kifua kikuu na mafua ya binadamu huwaua nyani na sokwe.

Kwa sokwe hatuhitaji kueleza mengi. Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, kilichofunguliwa kama makimbilio mwaka 1998, kina sokwe walionusurika biashara hii. Wengi wao hawawezi kurudishwa msituni, hivyo hutunzwa maisha yao yote.

Kobe je? Hana kelele, hang'ati.

Ni mnyamapori pia, na sheria haimwachi kwa sababu ya upole. Ugumu wake ni wa polepole. Kobe mwenye madoa huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Chakula chake karibu chote ni nyasi na majani ya porini, lakini majumbani hupewa mkate, wali, nyanya, hata nyama. Gamba lake likapanda vilimavilima, na mifupa ikalainika kwa kukosa kalsiamu na jua. Wengine hutobolewa gamba ili wafungwe kamba. Gamba ni mfupa hai wenye mishipa ya fahamu, na kulitoboa ni kumjeruhi kama unavyomjeruhi mtu kwa kumtoboa mfupa.

Kinyonga na nyoka?

Karibu hakuna reptilia anayeshindwa kuvumilia kufungiwa kama kinyonga. Hanywi maji ya bakuli; hunywa matone yaliyo juu ya majani. Hula wadudu hai tu. Akionana na kinyonga mwingine muda wote huishi katika hofu, huacha kula na kufa. Chatu wa Afrika hupita mita 4 akikomaa, na mwenye kipimo hicho hapaswi kushikwa na mtu mmoja.

Kwa reptilia yeyote kuna hesabu ya umeme. Balbu ya joto ya wati 40 inayowaka saa 12 kwa siku hula uniti 14.4 kwa mwezi; zidisha kwa bei unayolipa kwenye Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla. Balbu ya miale ya UVB, miale kama ya jua, hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa kuwa miale hupungua kabla ya mwanga. Kuweka sanduku dirishani hakusaidii, kioo huzuia miale hiyo. Kabale, usiku wa baridi umeme ukikatika, reptilia wa nchi za joto hushindwa kumeng'enya alichokula, na chakula huozea tumboni.

Naona korongo taji kwenye bustani za hoteli. Naweza kuwa nao wawili?

Hapana, na inauma kuona ndege aliyeko kwenye bendera yetu akikatwa ubawa ili asiruke. Korongo taji yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Huzaliana kwenye maeneo chepechepe, na wale wa bustanini wengi hutolewa huko wakiwa mayai au makinda. Akiwa uani mara nyingi hazai kabisa, kwa sababu hana mwenza aliyemchagua wala kinamasi cha kutagia. Kama una shamba lenye kinamasi, usikikaushe, na mbwa wasiingie msimu wa viota. Watakuja wenyewe.

Magonjwa gani niyafikirie nikiwa na watoto wadogo?

Reptilia, kobe wakiwamo, hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuonyesha dalili. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee sana au mtu mwenye kinga dhaifu isiwe na reptilia kabisa. Ndege huweza kuleta homa ya kasuku, inayofanana na nimonia. Ukienda hospitali na kikohozi kisichopona, mwambie daktari kwamba unafuga ndege, kwa sababu hatauliza. Vyombo vya mnyama visioshwe kwenye beseni la vyombo vya kulia.

Mnyama yeyote wa jamii inayonyonyesha watoto akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu hauponi. Usifunge jeraha kwa majani wala kulipaka mafuta ya taa.

Nitampata daktari wa kumtibu?

Jibu hili lipate kabla ya mnyama. Madaktari wengi wa mifugo wana uzoefu wa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Chuo Kikuu cha Makerere kina kitivo cha tiba ya mifugo chenye kliniki ya wanyama wadogo. Ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Muulize daktari mambo matatu: umewahi kutibu aina hii, unatumia dawa gani ya usingizi kwake, na usiku nikupigie nani?

Dawa za dukani ni hatari kweli. Simbilisi na sungura wakinyweshwa amoksilini au penisilini, dawa huua bakteria wema wa tumboni, wabaya wakazidi, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Watu husema ugonjwa ulikuwa mkali. Kumbe ni dawa.

Ndege huficha ugonjwa mpaka hawezi tena. Mzani wa jikoni unaosoma gramu ndio kifaa bora cha mfugaji: mpime kila wiki asubuhi kabla hajala. Akipungua asilimia 10, usisubiri dalili nyingine.

Basi nifuge nini, kama kweli nataka?

Wengi wa wanaotuuliza hufaa zaidi na mmoja kati ya hawa watatu.

*Bajeriga.* Ni kasuku mdogo wa asili ya Australia, gramu 30 hadi 40, huishi miaka 5 hadi 10. Hayumo kwenye viambatisho vya CITES, kama ilivyo kwa kokateli. Nunua wawili, si mmoja. Tundu liwe na urefu wa sentimita 80, upana 40 na kimo 50, na nafasi kati ya nyaya isizidi sentimita 1.2, vinginevyo kichwa hunasa. Tundu la duara halifai, ndege hana mahali pa kuruka. Vijiti viwe vya mti wa mpera, vyenye unene tofauti. Vijiti vilaini vya kiwandani vyenye unene mmoja huleta vidonda miguuni. Kila ndege hula vijiko viwili vidogo vya nafaka kwa siku: uwele, ulezi, mtama. Ongeza sukuma wiki au karoti kila siku, ukiondoa mabaki kabla ya jioni. Ganda la yai lililochemshwa dakika 10, likakaushwa na kupondwa, ni chanzo kizuri cha kalsiamu.

*Simbilisi.* Wafugwe wawili au zaidi, wote majike au dume aliyehasiwa na majike. Wawili wanahitaji sakafu ya sentimita 120 kwa 60, isiyo ya waya. Mwili wao hautengenezi vitamini C, kwa hiyo kila mmoja anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Pilipili hoho, sukuma wiki na mapera hutosha. Akikosa, fizi huvimba na viungo vinauma, halafu anaacha kutembea. Nyasi safi au kavu ziwepo saa 24 kwa sababu meno hayaachi kukua. Majani ya viazi vitamu ni sawa kwa kiasi. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya mparachichi na ya lantana, ile inayoota kila ukingo wa barabara, usiyaguse.

Onyo kuhusu kuzaana: jike huweza kushika mimba akiwa na wiki 4 tu, na madume hutengwa na mama wakifika wiki 3. Jike ambaye hajazaa mpaka akafika miezi 6 hadi 8 asipandishwe tena, mifupa ya nyonga huwa imekaza na mtoto hukwama.

*Samaki wa mapambo.* Hapa wengi hufanya kosa moja: tangi na samaki hununuliwa siku moja. Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali, huchukua wiki 4 hadi 6 kujenga makazi kwenye kichujio. Anza na tangi la lita 60 lenye samaki wawili watatu wagumu kama gapi, na usiongeze hadi vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Lita 60 ni kilo 60 za maji peke yake, bila kioo wala mchanga. Meza iwe imara. Maji ya bomba yana klorini, hivyo yaache kwenye ndoo wazi saa 24 au tumia dawa ya kuondoa klorini. Badilisha robo ya maji kila wiki. Usioshe sponji ya kichujio kwa maji ya bomba, ioshe kwenye maji uliyoyatoa tangini, la sivyo unaua bakteria wako. Umeme ukikatika kwa saa nyingi bakteria hao hukosa oksijeni. Pampu ndogo ya hewa ya betri inaokoa tangi zima.

Samaki wa dhahabu hawafai kwenye bakuli. Ni wakubwa na wachafuzi, hawakuumbwa kuishi humo.

Ninaishi chumba kimoja cha kupanga. Inawezekana?

Samaki ndiyo. Bajeriga kwa shida, kwa sababu ya moshi. Mapafu ya ndege huvuta hewa kwa ufanisi mkubwa, na sumu nayo hivyo hivyo. Sigiri ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huweza kumuua kabla wewe hujahisi kichwa kuuma. Sufuria isiyoshika chakula ikiungua tupu hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika. Kama mnapikia na kulala mahali pamoja, usifuge ndege. Na ruhusa ya mwenye nyumba ipate kwa maandishi.

Wadudu na wanyama wengine huleta shida gani?

Siafu ndio adui mkubwa, na vitabu vya Ulaya havimtaji. Msafara ukipita usiku humaliza simbilisi au ndege waliofungwa wasioweza kukimbia. Simamisha kila mguu wa kizimba ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni au mafuta machafu, na kizimba kisiguse ukuta wala tawi. Panya huingia kwenye tundu la sentimita 1.5 na hufuatwa na nyoka. Waya wa kuku wenye macho makubwa hauzuii chochote, tumia waya mgumu wa macho ya sentimita 1.

Nikitaka kuagiza mnyama kutoka nje?

Anza na kibali cha kuingiza kutoka Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, yenye idara ya afya ya wanyama Entebbe. Huja na masharti ya vipimo na chanjo, na daktari wa serikali ya nchi anakotoka lazima athibitishe kuwa yametimizwa. Kama aina hiyo iko CITES, Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale nayo inahusika. Vibali vyote viwe mkononi kabla mnyama hajapakiwa. Akifika bila kimoja, huzuiliwa uwanjani kwa gharama yako, au hurudishwa. Nyumbani mtenge siku 30 na wanyama wengine, katika chumba kingine na vyombo vyake.

Nimeokota mtoto wa paa shambani. Nimlee?

Huenda hajapotea. Mama paa humficha mtoto kwenye nyasi na kurudi kumnyonyesha. Kama hana jeraha na inzi hawajamjaa, mwache pale pale, ondoa mbwa na watu, angalia kwa mbali. Kama amejeruhiwa au mama ameuawa, mweke kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, usimpe maziwa ya ng'ombe, na wasiliana na UWA siku hiyo.

Nilishanunua kasuku miaka iliyopita. Sasa nifanye nini?

Usimfungulie dirisha. Ndege aliyezoea bakuli hajui kutafuta chakula, na anaweza kupelekea wa porini ugonjwa. Usimuuze wala kumgawa, hilo ni kosa jipya. Wasiliana na UWA mwenyewe, kwa maandishi ikiwezekana, ueleze una mnyama gani na tangu lini. Wakili akikusaidia barua hiyo ni bora zaidi. Waokolewa hupelekwa vituo kama kile cha Entebbe, maarufu kwa jina la zuu. Mpaka atakapochukuliwa, rekebisha chakula na usingizi wake.

Samaki na mimea ya tangi nayo isimwagwe mtoni wala ziwani. Gugu maji lililoziba bandari na ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990 lilisambazwa duniani kama ua la mapambo. Samaki asiyetakiwa mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine.

Krismasi tunakwenda kijijini wiki mbili. Mnyama abaki na nani?

Panga mwezi mzima kabla. Mtu huyo aje mara mbili ukiwepo, na afanye kila kazi mwenyewe huku ukimtazama. Samaki ndio rahisi, lakini usimwachie mkebe wa chakula: pima sehemu za kila siku kwenye vipande vya karatasi, kwa sababu mgeni hulisha kupita kiasi na chakula kinachooza huua tangi. Simbilisi na ndege lazima waonwe kila siku, siyo kila siku ya pili. Mwachie nafaka na fedha za mboga, namba ya daktari uliyekwisha kuongea naye na ukampa taarifa kwamba unasafiri, uniti za kutosha kwenye Yaka, na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye uzito wa kila mnyama siku uliyoondoka. Kama hakuna mtu wa kufanya hayo mwaka huu, ahirisha kununua hadi Januari.